Nimeteuliwa nikiwa wa tatu kwa alama. Nikubali?

Mhandisi_wa_Milimani, Jumatano saa 4:12 usiku

Hamjambo wote. Mimi si mwandishi sana humu, husoma tu na kucheka peke yangu, lakini leo nina jambo la kuuliza na sitaki kuliuliza kazini wala kanisani.

Ni mhandisi wa maji, mwanamke, mzaliwa wa Wundanyi, Taita. Kazi hii nimeifanya miaka 19. Nimelala kwenye vituo vya pampu, nimegombana na wanakandarasi juu ya unene wa mabomba, nimekimbizwa na nyuki na nimekimbizwa na wanakijiji. Mwezi wa tatu ilitangazwa nafasi ya mkurugenzi mkuu wa shirika moja la umma (silitaji, na mkilijua tafadhali nyamazeni). Nikaomba. Wanaojua mambo ya serikali wanajua kuomba kwenyewe ni kazi: cheti cha tabia njema, cheti cha ushuru, barua kwamba huna deni la mkopo wa chuo kikuu, barua ya tume ya maadili, karatasi ya kuonyesha hudaiwi na benki. Nilizunguka Nairobi siku mbili na bahasha ya kaki kama mtu anayetafuta mtoto aliyepotea.

Tulihojiwa watu tisa. Bodi ikachuja watatu, majina yakapelekwa kwa waziri kama kawaida. Jumanne ya wiki jana barua ikafika. Ni mimi.

Nilipiga magoti palepale jikoni nikashukuru. Jioni hiyohiyo mtu niliyesoma naye chuo, ambaye bodi hiyo anaijua kwa ndani, akanipigia kunipongeza, na kwa wema wake akanieleza zaidi ya nilivyotaka kujua. Wa kwanza alipata 78.4. Wa pili 77.9. Mimi 76.6. Wale wawili wote ni wa jamii moja na mwenyekiti wa bodi, tena moja na mkurugenzi anayeondoka. "Waziri alitaka mama, na alitaka mtu wa Pwani," akaniambia. "Wewe ni mbili kwa moja." Akacheka. Nami nikacheka, ungefanyaje?

Tangu siku hiyo "mbili kwa moja" imenikaa kichwani kama tangazo la sabuni.

Kinachoniuma hasa ni kwamba huyo wa kwanza namjua. Tulikaa naye miezi minane kwenye mradi mmoja Ukambani. Si mtu wa kubebwa. Hesabu zake za presha ya maji nilikuwa nazipitia usiku nikitafuta kosa, sikuliona. Angekuwa bozi mwenye mjomba mkubwa nisingekesha. Lakini ni mzuri, alama zake lazima amezisikia kama nilivyozisikia mimi, na mwisho wa mwezi tutakutana kwenye mkutano wa wahandisi, meza moja ya chai.

Upande mwingine, kwetu ndiko ziliko chemchemi za Mzima. Tangu 1957 bomba linachukua maji Mzima kuyapeleka Mombasa, na bado kuna vijiji vya kaunti yetu ambako mwanamke anaamka na mtungi kabla ya jogoo. Nilisomea maji kwa ajili hiyo. Sensa ya 2019 ilituhesabu watu 340,000 na kitu, kaunti nzima. Kwa kura hatumtishi mtu. Kama si sheria kusema lazima na sisi tuonekane, nani angetukumbuka?

Mama yangu yeye hana mjadala: "Wao walipokuwa wakipeana walikuuliza?" Mume wangu amesema nifanye ninavyoona, na mlioolewa mnajua jibu hilo lina uzito gani.

Nina siku 14 za kujibu, nane zimekwisha. Tafadhali msiniambie Mungu amenifungulia mlango. Niambieni: ni haki? Na nikikubali, nitakikaliaje kiti ambacho kila mtu anajua nilikipewa kwa nini?

Wa_Kwanza_Daima, Jumatano saa 5:03 usiku

Dada, sina ubaya nawe, ila umeuliza na mimi nitajibu, kwa sababu mimi ndiye yule wa 78.4. Si yule wako, lakini ni yuleyule.

Natoka jamii kubwa. Sikuichagua. Baba alikuwa akiuza viatu vya mitumba sokoni, siku ya mvua hatuli. Nimehojiwa mara tatu kwa vyeo vya juu, mara mbili nikaongoza, na mara hizo mbili niliambiwa kwa upole, pembeni, kwenye maegesho ya magari: "Umefanya vizuri kijana, ila tunatafuta uso wa Kenya." Nilifika nyumbani nikajitazama kwenye kioo. Huu wangu ni uso wa wapi?

Mara ya pili aliyepewa alikuwa wa jamii ndogo. Sawa. Lakini alikuwa mtoto wa katibu mkuu wa zamani, amesomea shule ambazo mimi nilizijua kwa kupita nje na matatu. Hao watu wake waliotengwa, wanaochunga ngamia na kunywa maji ya bwawa, hawakuonja hata ukoko wa kazi hiyo. Na huku kwetu, wakubwa wachache wakila tunahesabiwa sote tumeshiba. Jamii yangu ina maskini wengi kuliko watu wote wa kaunti yako, nani anawaandika kwenye orodha?

Ukikubali sitakulaumu, hata mimi ningeitaka. Lakini usiiite haki.

Wakili_wa_Ghorofa_ya_Nne, Alhamisi saa 1:40 asubuhi

Mnisamehe, mimi ni mtu wa vifungu. Wengi wanadhani Katiba ya 2010 imeweka ustahili sahani nzima, na uwakilishi ni kachumbari ya pembeni. Fungueni ibara ya 232. Ushindani wa haki na ustahili umo kama msingi wa kuajiri na kupandisha vyeo, lakini umefungwa na mambo mawili yaliyoandikwa papo hapo chini yake: uwakilishi wa jamii mbalimbali za Kenya, na nafasi za kutosha na sawa kwa wanaume na wanawake, makabila yote, na watu wenye ulemavu, katika ngazi zote za utumishi. Ngazi zote, jamani, si za matarishi na wapika chai peke yao. Ongeza kifungu cha 7 cha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008: taasisi ya umma haifai kuwa na zaidi ya thuluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja. Ongeza ibara ya 27(8): jinsia moja isizidi thuluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa na kuteuliwa. Waziri hakukupa zawadi, mhandisi. Alifanya hesabu aliyoagizwa kuifanya.

Ila nisiwadanganye, sheria hizi zina meno ya mtoto. Mwaka 2011 akina mama mawakili walikwenda Mahakama Kuu kwa sababu Mahakama ya Juu iliyokuwa ikizaliwa ingekuwa na wanaume watano kati ya majaji saba. Thuluthi mbili ya saba ni nne na kitu, watano wamezidi. Wakashindwa. Haki hiyo, wakaambiwa, huja hatua kwa hatua. Desemba 2012 Mahakama ya Juu yenyewe ikasema vivyo hivyo kuhusu Bunge, Jaji Mkuu Mutunga akipinga peke yake, na Bunge likapewa hadi Agosti 2015 kutunga sheria. Agosti 2015 ikaja ikapita. Desemba 2016 Mahakama Kuu ikasema Baraza la Mawaziri lenyewe limekiuka. Septemba 2020 Jaji Mkuu Maraga akamshauri Rais alivunje Bunge kwa sababu ya sheria hiyo hiyo. Bunge halikuvunjwa. Kwa hiyo mtu akikuambia siku hizi wanawake wanapewa vyeo kama peremende, mwambie akuonyeshe duka, tukapange foleni.

Mahakama ya Juu kwa haki yake ilisogea. Tangu 2021, Koome alipokuwa Jaji Mkuu, walikaa wanawake watatu na wanaume wanne. Na yeye alihojiwa mbele ya kamera, nchi nzima ikitazama, pamoja na wenzake wote waliochujwa kuhojiwa. Sijui kwa nini tunadhani vyeo vingine vinahitaji pazia.

Karani_wa_Jopo, Alhamisi saa 3:25 usiku

Binti yangu, hongera kwanza. Hilo hakuna aliyekuambia.

Mimi ni mstaafu. Miaka 22 nilikuwa karani wa vikao katika taasisi za umma mbili, zote nitazistiri. Kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye kona ya meza ya jopo la mahojiano, kuandika kumbukumbu, kukusanya karatasi za alama na kujumlisha. Mtu wa kona hatazamwi na mtu, ndiyo maana yeye huona.

Nianze na hizo 78.4 na 76.6 zinazokunyima usingizi. Nikueleze alama hupikwa vipi, na sisemi kupikwa kwa wizi. Nasema kama ugali, kwa mkono wa mpishi. Jopo lina watu saba. Kila mmoja ana karatasi yenye mistari: elimu, uzoefu, uongozi, ufahamu wa sera, namna ya kujieleza. Mmoja ana mkono mkavu, kwake malaika Jibrili angepata 64. Wengine wanagawa 80 kama wako harusini. Sasa mwenye mkono mkavu akikwama kwenye msongamano wa magari asubuhi, akamkosa mtu wa kwanza kuhojiwa, huyo wa kwanza wastani wake umepanda alama mbili na zaidi, hajafungua hata mdomo. Piga hesabu mwenyewe, wewe mhandisi. Anayeingia saa nane na nusu, baada ya pilau, anahojiwa na watu wanaopigana na kope zao.

Siku moja mjumbe aliandika pembeni ya jina la mama mmoja: "hana uzito". Nilipojumlisha nikaona amemkata tano kwenye uongozi. Mama yule alikuwa na sauti nyembamba tu. Aliyemfuata, bwana mwenye kifua na tai nyekundu, aliulizwa swali lilelile, akajibu yaleyale, tena akakosea mwaka wa sheria. Akaandikiwa "ana uzito". Nilitamani niende jikoni nikalete mizani.

Kwa hiyo hiyo 1.8 kati yako na yule bwana, mimi niliyejumlisha namba hizo nusu ya maisha yangu nakuambia, si tofauti ya wahandisi. Ni tofauti ya nani alikunywa chai saa ngapi.

Lakini huyu bwana Wa_Kwanza_Daima nisimpite, maana na yeye amesema kweli.

Kuna karatasi ya pili. Tukimaliza kujumlisha, mwenyekiti husema, "Karani, hebu tuangalizie chai." Nikirudi nakuta karatasi nyingine mezani. Mara nyingi ni mgongo wa ajenda. Imechorwa safu kwa penseli, na juu ya kila safu kuna herufi moja. Wakenya hamhitaji nieleze ni herufi za nini. Pembeni kuna M na K za jinsia. Majina yanahamishwa kwa mishale, yanafutwa, vumbi la raba linapulizwa. Wakiafikiana, karatasi ile hukunjwa mara nne ikaingia mfuko wa ndani wa koti. Katika miaka 22 sikuambiwa hata siku moja niiingize kwenye kumbukumbu. Mimi niliandika: "Jopo lilijadili kwa kina na kuafikiana." Sentensi hiyo nimeiandika hadi kalamu ikaijua yenyewe.

Hapo ndipo ninapoona kosa. Wakili ametueleza kwamba sheria inawaamuru waifanye hesabu ile. Basi mbona wanaifanya kama watu wanaoficha chang'aa? Ingeandikwa peupe: wa kwanza 78.4, wa tatu 76.6, jopo linaona tofauti ni ndogo. Wakuu wa idara kumi na mmoja, wanane jamii moja, mwanamke hakuna. Kwa hiyo tunapendekeza wa tatu. Nani angenong'ona? Yule bwana angejua kilichomkosesha, na angejua si uwezo wake. Wewe usingeambiwa na rafiki kwa simu jioni. Na muhimu zaidi, karatasi ikiwa mfukoni hubeba na mizigo mingine. Mlemle ndimo anamopita mtoto wa katibu mkuu wa zamani, kwa sababu kwenye safu ya herufi yake anaonekana mnyonge. Mara moja niliona tofauti ya alama 20, ishirini, na mshale ukapita juu yake. Siku hiyo nilifika nyumbani nikashindwa kula. Aliyepewa hakumaliza mwaka.

Kubali kazi, binti yangu. Lakini omba kwa maandishi upewe alama zako na sababu za uteuzi. Kuna Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, wanatakiwa wakujibu ndani ya siku 21. Ukiwa na karatasi hiyo kwenye droo, utakaa.

Wa_Kwanza_Daima, Alhamisi saa 3:58 usiku

Shikamoo mzee. Kama alama ni pilau na chai, si turushe shilingi tu tuokoe posho za vikao?

Lakini hilo la karatasi ya mfukoni limenigusa. Ningeonyeshwa karatasi hiyo ningelala. Sisemi ningekubali. Ningelala.

Karani_wa_Jopo, Alhamisi saa 4:10 usiku

Marahaba mwanangu. Shilingi hapana. Mahojiano humtenga vizuri mtu wa 80 na mtu wa 55, hilo sijaliona likishindwa. Kati ya 78 na 76 hayana macho.

Bint_Bububu, Ijumaa saa 7:15 mchana

Naomba niingie japo si Mkenya. Mie Mzanzibari, niko Dodoma mwaka wa sita, taasisi ya Muungano. Huku mgao uko wazi: katika ajira za Muungano, Zanzibar ina asilimia 21. Basi siku ya kwanza ofisini sikuulizwa nimesoma wapi. Niliulizwa, "Wewe ni wa ile ishirini na moja?" Kwa hiyo mzee wangu Karani, kwa heshima zote, kuandikwa hakuzuii manong'ono. Mie nimenong'onwa kwa waraka rasmi.

Mwaka wa kwanza nilikuwa nafika kabla ya mlinzi hajazima taa za nje, naondoka wa mwisho, nikikosea koma tumbo linaniuma. Mwaka wa tatu mkubwa wangu, mtu wa Bara, akakosea jedwali zima la bajeti, likarudishwa mara mbili. Nikangoja nisikie ataulizwa yeye wa asilimia ngapi. Hakuulizwa. Siku ile nilianza kuondoka saa tisa na nusu kama wenzangu.

Na jambo moja la kufikiria. Katiba yetu inataka Rais na Makamu watoke pande mbili tofauti za Muungano. Mwaka 2015 mgombea urais wa CCM alikuwa wa Bara, kwa hiyo mwenza ilikuwa lazima awe Mzanzibari, ndipo akaja Mama Samia. Machi 2021 sharti lile likatutolea Rais. Watu wana maoni yao juu yake, nami nina yangu sitayaandika hapa, lakini kati ya yote anayosemwa sijasikia mtu akimwita Rais wa mgao. Kiti kikishakuwa kikubwa vya kutosha, watu wanapata mambo mengine ya kukulaumu.

Fimbo_Nyeupe, Ijumaa saa 2:50 usiku

Mimi sioni kwa macho, kwa hiyo naandika kwa kusikiliza. Mkiona herufi imepotea isameheni.

Ibara ya 54 ya Katiba yetu ya Kenya inasema Serikali ihakikishe, polepole, kwamba angalau asilimia 5 ya wajumbe wa vyombo vya kuchaguliwa na kuteuliwa ni watu wenye ulemavu. Hiyo "polepole" tunaijua. Mimi niliingia bodi moja kwa mlango huo. Siku ya kwanza nilipigwa picha nyingi kuliko mwenyekiti. Halafu kitabu cha kikao kikaletwa mezani, kurasa 140, kimechapishwa kwenye karatasi. Nikaomba nakala ambayo kompyuta yangu inaweza kuisoma. Nikaambiwa, "Mheshimiwa usijali, tutakusomea yaliyo muhimu." Yaliyo muhimu kwa nani?

Vikao vitatu nilisomewa. Cha nne nikasema sitapiga kura juu ya kitu nisichokisoma, waandike hivyo. Kikaahirishwa. Tangu hapo kitabu hutumwa kwa barua pepe siku saba kabla, na wajumbe wawili wenye macho yao mawili wameniambia pembeni kwamba ndiyo mara yao ya kwanza kukimaliza.

Dada, hujauliza hili lakini nakuambia. Kabla hujatia sahihi, uliza ni nani naibu wako, nani anaidhinisha malipo, na kama wakuu wa idara wanaweza kumwendea mwenyekiti bila kupitia kwako. Wako wanaoteuliwa ili picha ipendeze, na funguo za stoo zinabaki palepale zilipokuwa.

Mhandisi_wa_Milimani, Jumapili saa 12:20 jioni

Nimesoma yote mara mbili. Asanteni, hata wewe Wa_Kwanza_Daima, hasa wewe.

Mzee wangu Karani, shikamoo. Wana siku 21 za kunijibu na mimi zimenibaki mbili, kwa hiyo itabidi nikae kwanza ndipo nijue kwa nini nimekaa. Fimbo_Nyeupe, maswali yako matatu niliyauliza Ijumaa usiku ileile kwa yule rafiki wa simu. La tatu hakulijibu. Akasema, "Hilo utalikuta." Nimelikuta tayari.

Jana nilimpigia yule bwana wa 78.4. Nilikaa kwenye gari nje ya duka dakika ishirini nikilitafuta jina lake na kulifunga. Alipopokea nikamwambia bila kuzunguka: nimepewa mimi, na alama nazijua. Kimya. Nyuma yake nilimsikia mtoto akisoma kwa sauti, "mama analima, baba analima." Halafu akasema, "Ningekuwa ni mimi wa tatu wakanipa, unadhani ningekupigia?" Nikasema sijui. "Nisingekupigia," akasema.

Akaniambia amekasirika. Kwamba hasira hizo si zangu, ila kwa sasa hana pengine pa kuziweka, nimvumilie. Nikasema nitamvumilia. Nilidhani atakata simu, lakini akaniuliza ule mradi wa mita za maji tuliouacha nusu Ukambani, nitaufufua au nitauzika, maana yule mwingine angeuzika. Tukabishana habari za mita nusu saa nzima. Bado anaamini zile za bei nafuu zinafaa. Hazifai, zinaziba mchanga, na hilo nilimwonyesha kwa macho yake mwaka ule.

Nakubali. Sijui kama ni haki, nimegundua kuna haki mbili hapa na haziko nyumba moja. Nimeandika barua ya kukubali, na barua ya kuomba alama na sababu, zote mbili kesho asubuhi nazipeleka. Mume wangu amezisoma, akaongeza koma mbili. Kwake yeye hiyo ni hotuba.

Bint_Bububu, nitajaribu kuondoka saa kumi na moja tangu mwaka wa kwanza. Siahidi.

Wa_Kwanza_Daima, Jumapili saa 1:02 usiku

Huyo bwana wa mita mpe namba yangu. Tutaanzisha chama.

Karani_wa_Jopo, Jumapili saa 1:30 usiku

Marahaba binti yangu. Barua hizo mbili usizitie bahasha moja, ya pili itafia kwenye faili la ya kwanza. Zipeleke masjala mwenyewe, usimwachie sekretari, na kila nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Angalia tarehe ya muhuri kabla hujaondoka dirishani, Jumatatu asubuhi huwa bado wameuacha kwenye Ijumaa.